Kitanda cha Mzee Kesho

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Sokoni, mtaani, hata kwa wakwe zake, aliitwa Mzee Kesho, na hakuna aliyemwonea. Umempelekea redio yako aitengeneze? "Njoo kesho." Umekuja hiyo kesho? "Kuna kifaa kimoja tu nakisubiri, njoo kesho." Wateja wengine walikuja mpaka soli zikaisha, wakakata tamaa, wakanunua redio mpya, na ile mbovu wakamwachia. Na hapo ndipo kisa chote kilipoanzia, kwenye huko kuachiwa.

Kwa miaka thelathini alikuwa na kibanda sokoni, na lazima tumpe haki yake, alikuwa fundi kwelikweli. Redio iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji aliifufua. Aliigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, akaiinamia, akatega sikio, akasema, "Spika nzima, transfoma ndiyo imekata roho." Na hakukosea. Siri yake ilikuwa moja tu, hatupi kitu. Feni iliyokufa ilitoa waya wa kuponyea pasi, pasi iliyokufa ilitoa swichi ya kuponyea redio, na redio iliyokufa, ah, hiyo ilikuwa duka zima la vipuri. "Kila maiti mezani kwangu ni mfadhili," alipenda kujigamba, na wateja walicheka.

Kisha barabara ya sokoni ikapanuliwa, vibanda vikabomolewa, na Mzee Kesho akahamishia maiti wake nyumbani. "Kwa wiki mbili tu," alimwambia mkewe.

Mkewe kila mtu alimwita Bibie, kwa kuwa mumewe alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, na jina likamganda. Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Sebule ikajaa, viti vikafukiwa, dirisha likazibwa na maboksi ya spika. Watoto wao wawili walikuwa wamekwishaondoka, binti akiwa mwalimu wa hesabu na mdogo wake dereva wa lori, basi chumba chao nacho kikamezwa. Korido ikabaki njia ya mtu mmoja, tena aliyegeuka ubavu. Na msidhani vilikuwa vitu vya wateja peke yake. Akipita kwenye takataka za karakana, miguu ilisimama yenyewe. Kipande cha antena. Mfuniko wa kitu asichokijua. "Kitafaa," anasema, na kinaingia ndani. Mwishowe vitu vikapanda kitandani. Vilianza upande wake, naye akahamia kwenye kiti. Halafu vikaanza kuusogelea upande wa Bibie.

Bibie hakuwa mtu wa makelele. Alisema kwa upole miaka mitatu, akasema kwa ukali mwaka mmoja, kisha akanyamaza. Asubuhi moja, akiwa anatafuta kanga yake chumbani, boksi la spika likaporomoka kutoka juu ya kabati, likamtua mguuni. Alipiga ukelele. Mzee Kesho akaja mbio, ubavu ubavu kwenye korido, na kitu cha kwanza alichokiinua kutoka sakafuni kilikuwa spika. Akaigeuza nyuma na mbele aone kama haijachanika.

Bibie alimtazama tu. Akaufunga mguu wake kwa kitambaa, akatia nguo zake kwenye begi moja, akasimama mlangoni.

"Nakwenda kwa dada yangu," alisema. "Siombi nyumba yote, umenisikia? Sebule kaa nayo. Siku kitanda kitakapoonekana chote, niite, nitarudi."

Jamani! Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na mwanamke wa watu anaomba kitanda!

Watoto walipopata habari walipandwa na jazba, na jazba ya watoto wakubwa ni mbaya kwa sababu ina vitendea kazi. Mmoja ana lori. Wakapanga. Binti alikuja Alhamisi moja, sauti imejaa asali. "Baba, macho yako. Unaunga nyaya kwa risasi ya moto kwa kubahatisha. Twende kwa daktari wa macho." Mzee alifurahi, akavaa shati la maana. Alikaa kwenye foleni, akasoma herufi za ukutani, akapewa miwani mpya. Kumbe huku nyuma kijana wake amevunja kufuli, na wapagazi wanne wanajaza lori. Walikwenda safari tatu.

Basi Mzee Kesho alirudi na miwani yake usoni, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri baada ya miaka kumi ni ukuta wa sebule yake. Mtupu. Maboksi yameacha alama kwenye rangi. Chumbani wametandika shuka jipya, limening'inia mpaka sakafuni.

"Karibu nyumbani, baba," alisema binti, tena kwa tabasamu, maskini, alidhani amefanya jema.

Mzee alisimama. Aliporomosha matusi ambayo watoto wake hawakujua kwamba anayajua. Aliwaita wezi. Aliwaambia kwamba hata wanaozika humsubiri mtu kwanza afe. Na katikati ya makelele hayo akakumbuka jambo, akapata fimbo ya kuwachapia.

"Redio ya mama yenu! Iko wapi redio ya mama yenu?"

Bibie aliingia kwenye ndoa na redio ile, ya mbao, yenye kitambaa cha kahawia mbele, zawadi ya marehemu baba yake. Iliharibika zamani, na Mzee Kesho aliahidi kuitengeneza. Lini? Mnajua lini. Watoto wakatazamana. Katika safari tatu za lori, nani angekumbuka redio ipi imekwenda na ipi haikuwepo?

"Mmetupa kumbukumbu ya babu yenu," Mzee alisema. "Tokeni! Sitaki kuwaona!"

Kesho yake alikodi mkokoteni, akaenda dampo, akachimbua kwa mikono. Alileta mzigo wa kwanza, akarudi kuchukua wa pili. Jumamosi Bibie akaja na begi lake, kwa sababu watoto walimpigia simu kwamba kitanda kinaonekana. Alipofika getini alimkuta mumewe ananuka jalala, anateremsha televisheni isiyo na kioo. Wakatazamana. Bibie akageuza njia, hata geti hakulivuka.

Na nani alibebeshwa lawama? Watoto! Miezi tisa Mzee Kesho alimsimulia kila mwenye masikio, kinyozi, muuza mkaa, wapita njia wasiomjua. "Wanangu wametupa redio ya mama yao, ndiyo maana harudi." Aliyarudia mpaka yakawa kweli kinywani mwake. Simu za binti hakupokea. Kufuli zikawa mbili. Na nyumba ikajaa kuliko mwanzo, maana sasa alikusanya kwa ukaidi, na juu ya kitanda mlima ulifika usawa wa dirisha.

Kilichomfikisha zahanati ni kidonda. Alikuwa anapanda vitu vyake ili afike jikoni, bati likamchana muundi. Aliyemfunga bendeji akauliza, "Umejikataje, mzee?" "Nilikuwa nakwenda jikoni." "Jikoni kwa kupanda? Unalala wapi?" "Kwenye kiti." "Kitanda huna?" "Ninacho." Akaandikiwa kikaratasi aende chumba namba sita.

Mlango wa chumba namba sita una kibao: Afya ya Akili. Mzee Kesho alipokisoma, kwa miwani yake ileile, aligeuka nyuma hima. Lakini muuguzi wa chumba hicho alikuwa mlangoni tayari, mwanamke mfupi, rika la binti yake, asiyetabasamu hovyo.

"Mimi si kichaa, Sista."

"Nani kasema kichaa? Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nijibu. Ukitupa kitu, unajisikiaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Walimuuliza kwa nini mchafu, kwa nini bahili, kwa nini hamwonei mkewe huruma. Mzee akajikuta amekaa. "Nang'olewa jino bila ganzi," alisema. "Na likishatoka, linaendelea kuuma."

"Huo ni ugonjwa," Sista akasema. "Unajulikana, na una matibabu. Si uvivu wala ubahili. Mtu mwingine akishika swichi mbovu, anaamua na yameisha. Kichwa chako wewe kinaifungulia kesi. Itafaa, itahitajika, nitajuta. Kesi haiishi, basi swichi inabaki ndani. Sasa zidisha kwa nyumba nzima."

"Wanangu walinijia na lori, Sista. Lori!"

"Nimesikia, mtaa mzima umesikia. Walikosea, na nitawaambia mwenyewe. Lori linaitibu nyumba wiki moja, na mwenye nyumba linamwachia kidonda kipya, halafu anakusanya mara mbili." Kisha akamnyooshea kidole. "Lakini na wewe acha kujificha nyuma ya lori. Mkeo aliondoka kabla lori halijaja."

Damu ikamchemka Mzee. Alitoka bila kuaga, akaubamiza mlango. Jumatano iliyofuata, saa nne kamili, akasikia hodi nyumbani kwake. Alisonya kwa nguvu ili aliyeko nje asikie.

"Nimesikia, Fundi," Sista akajibu kutoka nje. "Ukimaliza kusonya, nifungulie."

Alimfungulia kwa lengo la kumfukuza. Sista akaingia ubavu ubavu, akatazama, akatia mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti lake. "Sigusi kitu," alisema. "Hata kikidondoka sikiokoti. Kila kitu kitatoka kwa mkono wako, au hakitoki. Na tunaanza na kitanda peke yake." Mzee alitafuta neno la kumfukuzia, akalikosa, na kulikosa huko kukamuudhi zaidi.

Kitu cha kwanza kilikuwa pasi iliyoungua. Dakika arobaini kwa pasi moja! Alieleza ilikotoka, akaeleza kinachoweza kuchomolewa, akaapa kwamba pasi za siku hizi ni upuuzi mtupu. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Inabaki au inakwenda?" Na Mzee, kwa kumkomoa tu, akaitupa ndani ya boksi la kutolea, lile la vitu vya kwenda.

"Uchungu uko wapi sasa?" Sista aliuliza. "Nipe namba, kama kwenye kitufe cha sauti. Sifuri ni kimya, kumi masikio yanapasuka."

"Tisa."

"Usiitoe. Tungoje."

Wakangoja. Mzee anahema, jasho linamtoka, anamwangalia Sista kwa jicho la kumla nyama.

"Na sasa?"

"Tisa, nimekwambia!"

"Tungoje."

Baada ya muda ikawa saba. Halafu tano. Hakuna aliyekigusa kitufe, sauti imeshuka yenyewe, na Mzee Kesho, fundi wa miaka yote hiyo, hakujua kwamba huwa inashuka. Ilimkera vibaya sana. Amefukuza mke, amefukuza watoto, analinda mlima mzima kwa kuogopa maumivu ambayo ukiyakalia yanapungua kabla chai haijapoa!

"Usifurahi mapema," Sista alimwambia akiondoka. "Imebaki mia tisa na kitu."

Wakaenda hivyo, Jumatano baada ya Jumatano. Siku nyingine Sista alimtoa nje, wakapita kwenye takataka za karakana na kurudi mikono mitupu, na Mzee alilalamika njia nzima mpaka watu wakadhani anakwenda kukamatwa. Zilikuwepo wiki mbaya. Wiki ya nane alirudisha boksi zima ndani Sista alipompa kisogo. "Hunidanganyi mimi," Sista alimwambia alipoligundua, "mimi nina kitanda changu, nimelala vizuri." Mzee akamtukana, Sista akaandika tarehe ya wiki ijayo. Alipoona pia kwamba mzee hali vizuri na anaamka hana hamu ya kitu, alimpeleka kwa daktari, akaandikiwa vidonge vya kutibu huzuni. Vidonge havikutupa hata swichi moja. Lakini asubuhi ziliacha kuwa nzito.

Sista aliwaita watoto pia, akawaambia kweli yao usoni. Binti alilia, akaja getini kuomba radhi. Unajua baba yake alimjibu nini, bila hata kufungua? "Lete redio kwanza!" Binti wa watu akaondoka na machozi yake, majirani wakimtolea macho.

Wiki ya ishirini na mbili, godoro lilikuwa linaonekana upande wote wa Bibie. Sista akasema kitanda ni pamoja na chini yake. Mzee akapiga magoti, akavuta mabati, akavuta nyaya, akafika ukutani kabisa, mahali ambapo lile shuka jipya lilipaziba, hata wapagazi wa lori hawakupaona. Mkono ukashika gunia. Ndani ya gunia, ubao. Akalitoa haraka, akalichana, na moyo ukamruka. Kitambaa cha kahawia!

"Ipo!" alipiga kelele. "Sista, ipo! Redio ya Bibie ipo!"

Aliinyanyua juu kwa furaha, na palepale furaha ikamkauka usoni. Mikono ya fundi haihitaji kuambiwa. Ilikuwa nyepesi mno. Akafungua skrubu nne za nyuma, akauondoa mfuniko.

Hakukuwa na kitu ndani, hata waya.

Na hapo ndipo akakumbuka, kimoja kimoja. Spika aliitoa kwa ajili ya redio ya mwalimu mkuu, aliyekuwa na haraka. Nitairudisha kesho. Transfoma ilikwenda kwa kinyozi, kinyozi huyohuyo aliyemsimulia habari za watoto wabaya. Vitufe alimpa mteja aliyekuwa akimsifu sana siku hiyo. Bodi yenyewe aliikata vipande. Ilipobaki ganda, aliitia ndani ya gunia kwa mkono wake mwenyewe, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu, asilione.

Alitafuta wa kumtukana. Alitazama mlango, akatazama dari. Watoto hawamo tena kwenye kesi hii. Sista mikono iko mfukoni.

"Namba, Fundi?"

"Usiniulize namba!" alifoka. Kisha macho yake yakaangukia kwenye boksi la kutolea, yakawaka. "Ngoja. Ngoja kwanza. Ndani ya nyumba hii mna spika ya saizi yake, naijua. Transfoma zipo kumi. Nitaijaza upya, Sista! Nipe miezi sita. Ila kitu kisitoke tena, hata kimoja, maana sasa vyote vina kazi!" Akaanza kutoa vitu kwenye boksi na kuvirudisha kitandani, upande wa Bibie, mikono miwili, mbiombio.

Kwa mara ya kwanza Sista alikasirika waziwazi. Mikono haikutoka mfukoni, lakini ngumi zilionekana ndani ya kitambaa.

"Unaona unachokifanya?" alisema. "Unamfukia mkeo kitanda ili umtengenezee mkeo redio. Nimevumilia matusi yako miezi mitano, Fundi, na ninatakiwa kuvumilia, ni kazi yangu. Lakini hili nalisema. Kuamua ni kwako. Jumatano nitabisha hodi."

Akaondoka. Mzee Kesho akakaa kwenye kiti chake na lile ganda mapajani. Alikaa Alhamisi, akakaa Ijumaa. Alijaribu kumkasirikia Sista, hasira ikakataa kushika. Alijaribu kuwakasirikia wapanua barabara, nayo ikakataa. Ilimrudia yeye, na hakuwa na pa kuipeleka. Jumamosi asubuhi alivaa lile shati la maana, akaitia redio ndani ya gunia, akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji alimfungulia shingo upande. Bibie alikuwa anachambua mchele mezani, na binti, aliyekuja kumtazama mama yake, alikuwa pembeni anasahihisha madaftari. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Mzee akaitoa redio, akaiweka katikati ya meza.

"Hamkuitupa," alimwambia binti yake. "Ilikuwa chini ya kitanda. Na ni tupu. Vya ndani nilivimaliza mimi, kimoja kimoja, nikawapa watu."

Kalamu ya binti ikasimama. "Zaidi ya mwaka, baba," alisema polepole. "Zaidi ya mwaka mzima nikienda dukani nanyooshewa kidole. Mtupa urithi! Wanafunzi wangu wamelisikia. Nikaja getini nikakupigia magoti!"

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Nisamehe, mwanangu. Nitamwambia kinyozi. Nitawapitia wote niliowaambia."

"Utawapitia lini?" binti aliuliza kwa ukali, na Mzee akainamisha kichwa.

"Mimi nilijua," Bibie akasema, bila kuacha kuchambua mchele. Wote wakamgeukia. "Nilijua ni ganda. Limekwenda na lori au halikwenda, hilo sikulijua. Lakini redio ile nilikuwa naifuta vumbi kila Ijumaa. Kila ukitoa kitu, inakuwa nyepesi mikononi mwangu. Nikawa najisemea, leo ataniambia. Ijumaa nyingine naifuta, nyepesi zaidi, nasema leo ataniambia." Akasukuma sinia pembeni, na sasa sauti ikapanda. "Sikukasirika kwa redio, mwanamume wewe! Ungeniambia, Bibie, nimekosa, nimeitoa spika, ningekutukana nikamaliza! Ulikaa kimya, ukaniacha nafuta vumbi la sanduku tupu. Halafu ukawapakazia wanangu!"

Mzee alikubali kwa kichwa.

"Kitanda je?" Bibie aliuliza.

Hapo angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. "Upande wako ulikuwa wazi," alisema. "Jumatano nikarudishia vitu juu yake. Nilitaka kuitengeneza hii."

Bibie akainyanyua redio ya baba yake kwa mkono mmoja, akamrudishia. "Humu hamna baba yangu. Kaitupe. Wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kisha ukaendelee na ulichoanza."

Aliitupa. Dampo lilikuwa mwendo wa nusu saa, na alikwenda kwa miguu. Aliiweka chini, kitambaa cha kahawia kikatazama juu, akasimama pembeni yake. Kumi na moja, alisema kwa sauti, ingawa Sista hakuwepo na namba haifiki huko. Mkono ulikwenda kuichukua mara mbili. Wachambua taka walimtazama mzee mwenye shati zuri anayenung'unika namba peke yake. Alisimama mpaka ikafika sita, akarudi mikono mitupu, na njiani akaingia kwa kinyozi.

Jumatano Sista alipofika, mlango ulikuwa wazi tayari. Zikapita wiki tano nyingine, na hapakukosekana misonyo. Jumamosi ya wiki ya tano Bibie alikuja na begi lake. Binti alimsindikiza. Mdogo wake naye alikuja, lori ameliacha mbali, mtaa wa pili, na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Bibie alipita korido ubavu ubavu, maana korido ilikuwa bado ileile. Akaingia chumbani. Kitanda kilikuwepo, chote, na chini yake sakafu ilionekana mpaka ukutani. Akakaa. Akalibonyeza godoro kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Kisha akatazama kupitia mlangoni, mlima wa sebuleni ukimtazama.

"Na ule?" aliuliza.

"Kesho," neno likamtoka Mzee kabla hajalidaka.

Binti akafumba macho. Bibie akashika mkono wa begi, akasimama.

"Jumatano!" Mzee akasema kwa haraka. "Jumatano hii, saa nne. Boksi moja. Lile la spika, lililokuangukia."

"Na Jumatano nyingine?"

"Boksi jingine."

"Na ukishindwa?"

"Nitakuambia nimeshindwa. Siku hiyohiyo."

Bibie alimkazia macho, na hasira bado ilikuwa imejaa usoni pake, hakuificha. Kisha akainama, akalisukuma begi chini ya kitanda, mpaka ukutani, palepale palipokuwa na gunia. Zipu hakuigusa.

"Nitalifungua Jumatano," alisema.